Je, fundisho la Papa kutokukosea lilitungwa 1870 baada ya kupoteza Roma?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo Padre. Mimi ni mama wa watoto wawili, tumefunga ndoa kanisani na mume wangu, wote tulizaliwa Wakatoliki. Tangu mwaka jana mume wangu amehamia kanisa la kilokole na kila siku ananitumia klipu za mchungaji wao. Anasema Papa alikuwa mfalme mwenye nchi na majeshi, aliponyang'anywa Roma mwaka 1870 ndo akatunga fundisho kwamba hawezi kukosea ili aendelee kutawala watu kwa njia nyingine, kabla ya hapo hakuna Mkatoliki aliyewahi kulisikia, maaskofu walilazimishwa na waliokataa wakafukuzwa. Ametuma na hotuba ya askofu mmoja anaitwa Strossmayer, eti aliisoma mtagusoni kuonyesha Petro hajawahi kuwa Papa. Mume wangu anasema mtoto wetu wa pili habatizwi mpaka nimjibu. Kaka zangu wananiambia nirudi nyumbani nimwache. Mimi majibu sina na kusema ukweli nimeanza kuwa na mashaka, nimeacha kupokea Komunyo naogopa. Je ni kweli? Na nifanyeje?

JIBU: Milele amina, dada yangu.

Naanza na jambo uliloliweka mwishomwisho manake ndilo lililoninyima raha niliposoma swali lako. Jumapili hii nenda ukapokee Komunyo. Kusumbuliwa na jambo la imani ambalo hujapata jibu lake siyo dhambi, wala siyo ile shaka ambayo Kanisa linaihesabu kuwa kosa. Kosa ni la mtu anayejua kabisa Kanisa linafundisha nini halafu anakataa kwa ukaidi, anasema hilo mimi silitaki. Wewe umekaa na swali, limekunyima usingizi, umemtafuta padre ukamuuliza, sasa ukaidi uko wapi hapo? Kama hakuna dhambi nyingine ya mauti inayokuzuia basi huna sababu ya kukaa mbali na meza ya Bwana, tena kipindi hiki ambacho unamhitaji kuliko siku zote.

Sasa tuje kwenye klipu. Nitajibu kwa urefu kwa sababu siyo wewe peke yako, hoja hii inazunguka mpaka kwenye magrupu ya jumuiya ndogondogo na nimeona makatekista wazuri kabisa wananyamaza kwa kukosa la kusema.

Hebu tuanze na tarehe. Papa Pio IX aliitisha Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, Juni 1868, ukafunguliwa tarehe 8 Desemba 1869. Fundisho la kutokukosea lilipigiwa kura na kutangazwa tarehe 18 Julai 1870. Jeshi la Italia lilibomoa ukuta wa Roma pale Porta Pia na kuingia mjini tarehe 20 Septemba 1870, yaani miezi miwili BAADA ya tamko. Kesho yake tu baada ya kura, tarehe 19 Julai, Ufaransa ikatangaza vita na Prussia, dola ya Kijerumani, wanajeshi wa Kifaransa waliokuwa wakiilinda Roma wakarudishwa kwao na hapo ndipo Waitalia wakapata njia. Kwa hiyo mtu anayesimama madhabahuni kwake na kusema Papa alinyang'anywa Roma HALAFU ndo akatunga fundisho, huyo anapotosha watu waziwazi, na mtu anayewafundisha watu wa Mungu ana wajibu wa kuangalia tarehe kabla ya kuwasha kamera.

Lakini tusimdhulumu. Hoja yake inaweza kusemwa vizuri kuliko alivyoisema yeye, na nataka uijue mapema ili mumeo asije akakuletea kesho ukashtuka. Ni kweli kwamba Papa alikuwa na nchi, eneo kubwa katikati ya Italia kuanzia Roma mpaka Bologna, na ni kweli kwamba kufikia 1860 alikuwa ameshapoteza Romagna, Marche na Umbria, amebaki na Roma na maeneo ya jirani tu. Sasa mtu anaweza kusema, sawa, Roma ilikuwa bado, ila mzee aliona mwisho unakuja akajitafutia mamlaka mengine mapema. Hiyo ndiyo hoja inayostahili jibu, na jibu lake haliko 1870, liko nyuma zaidi.

Mwaka 1682 maaskofu wa Ufaransa walikusanywa chini ya mfalme Louis XIV wakatoa vipengele vinne vya kumpunguzia Papa nguvu. Kipengele cha nne kinasema kwamba hukumu ya Papa katika mambo ya imani siyo ya mwisho mpaka Kanisa liikubali. Sasa tafakari, dada. Hiyo ni miaka 188 kabla ya Mtaguso. Kama hakuna Mkatoliki aliyewahi kusikia kwamba hukumu ya Papa katika imani ni ya mwisho, wale maaskofu walikuwa wanamkanusha nani? Hakuna anayekaa kikao kukanusha jambo ambalo hakuna aliyelisema. Mafundisho haya yalikuwepo shuleni na vitabuni, Mtakatifu Roberto Bellarmino aliyetangulia hata hao aliyatetea kwa kirefu, na waliokuwa wakiyapinga zaidi ni wale waliosimama upande wa wafalme. Hapo kwenye wafalme ndipo penye siri ya karne nzima ya kumi na tisa na ndipo ambapo mchungaji hakugusa kabisa.

Manake Papa wa karne ya kumi na nane hakuwa yule mtawala wa dhamiri anayeonyeshwa kwenye klipu. Alikuwa mtu amebanwa kila upande. Mfalme wa Ufaransa, mfalme wa Hispania, Kaisari wa Austria, kila mmoja alikuwa anachagua maaskofu wake na Papa anaidhinisha. Hata mwaka 1829, kati ya maaskofu wa majimbo 600 na ushee wa Kanisa la Kilatini, zaidi ya 500 walikuwa wamechaguliwa na serikali za nchi zao. Huko Austria serikali ilikuwa inajipa haki ya kuzuia barua ya Papa isisomwe mpaka yenyewe iikubali. Maaskofu wengi walikuwa watu wa ikulu kwanza, watu wa Roma baadaye.

Halafu yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1798 wanajeshi wa Kifaransa wakaingia Roma wakamchukua Papa Pio VI, mzee wa miaka 80, mgonjwa, wakamzungusha mji hadi mji mpaka akafia Valence kule Ufaransa tarehe 29 Agosti 1799, akiwa mfungwa. Watu wengi waliamini huyo ndiye Papa wa mwisho. Makardinali hawakuweza hata kukutana Roma, wakamchagulia mrithi wake Venice, Machi 1800, ndiye Pio VII. Na huyu naye Napoleon alizichukua nchi zake 1809, Papa akatoa tamko la kuwatenga na Kanisa waliohusika, basi usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 1809 askari wa Jenerali Radet wakapandisha ngazi ukutani kwenye jumba la Papa la Quirinale, wakavunja milango kwa mashoka, wakamkuta Papa ameketi na Kardinali Pacca anawasubiri. Wakamtia kwenye gari la farasi likafungwa kwa ufunguo. Njiani wale wazee wawili wakakagua mifuko yao kuona wana nini cha safari wakajikuta na vijisenti tu ambavyo havitoshi hata chakula cha siku moja. Akakaa kifungoni Savona, kisha Fontainebleau, mpaka 1814 aliporudi Roma, na njiani watu wakapiga magoti barabarani.

Nakuomba ukae kidogo na picha hiyo ya mzee ndani ya gari lililofungwa. Hana nchi, hana askari, pesa hana. Na ni wakati huohuo Wakatoliki wa kawaida wa Ulaya walipoanza kumtazama Papa kwa namna ambayo babu zao hawakuwahi kumtazama. Waliona kwamba askofu aliyechaguliwa na serikali ataimba wimbo wa serikali, na serikali ikibadilika atabadilika nayo, ila yule mzee wa Savona alimwambia Napoleon hapana, na Napoleon alikuwa mtu ambaye Ulaya nzima ilikuwa inamwambia ndiyo. Upendo kwa Papa ulikua kutoka chini, kwa mapadre wa vijijini na walei, mara nyingi maaskofu wao wakiwa hawapendi. Na Napoleon mwenyewe bila kujua ndiye aliyesaidia, manake kwenye mapatano ya mwaka 1801 ili kulisimamisha upya Kanisa la Ufaransa alimtaka Papa awaambie maaskofu wote wa zamani wajiuzulu, na zaidi ya 30 walipokataa Papa akawaondoa kwa mamlaka yake mwenyewe. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Wale waliokuwa wakisema Papa hawezi kumgusa askofu wa Ufaransa bila idhini ya Ufaransa wakakosa cha kusema.

Kwa hiyo utetezi wa mamlaka ya Papa katika imani haukuanza alipoanza kupoteza nchi 1859. Mwaka 1799, Pio VI yuko mikononi mwa Wafaransa, mtawa mmoja anaitwa Mauro Cappellari alichapisha kitabu kizima cha kutetea kwamba Papa hakosei anapofundisha rasmi, na mtawa huyo baadaye akawa Papa Gregori XVI mwaka 1831. Mwaka 1854, miaka 16 kabla ya Mtaguso, Pio IX alitangaza fundisho la Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, akatangaza yeye kama khalifa wa Petro baada ya kuwaandikia maaskofu wa dunia nzima mwaka 1849 kuwauliza waamini wao wanaamini nini, wakajibu zaidi ya 600 na walio wengi mno wakasema ndiyo. Je, mwaka 1854 Wakatoliki walitoka kanisani wakilia kwamba Papa amejitungia mamlaka mapya? Hawakutoka. Walipiga kengele wakaimba.

Sasa hili la maaskofu kulazimishwa. Mtagusoni kulikuwa na mabishano makali, tena ya miezi, na wala tusiyafiche. Wengine waliona fundisho lenyewe lina matatizo, wengi zaidi waliona ni la kweli ila wakati siyo wake, kwamba litawatia hofu Waprotestanti na serikali. Kwenye kura ya majaribio ya tarehe 13 Julai waliosema ndiyo walikuwa 451, waliosema hapana 88, na 62 wakasema ndiyo ila kuna marekebisho. Watu 88 wanasema hapana mbele ya makatibu, na majina yao yanajulikana, hiyo siyo sura ya mkutano wa watu waliozibwa midomo. Kabla ya kura ya mwisho zaidi ya 50 kati yao walimwandikia Papa barua kwamba msimamo wao uko palepale ila kwa heshima yake hawataki kumwambia hapana usoni, wakaondoka kwenda majimboni kwao, kwa hiari yao. Hakuna aliyefukuzwa. Tarehe 18 Julai 533 wakasema ndiyo, wawili wakasema hapana, mmoja wa Cajazzo Italia na mwingine wa Little Rock Marekani, mvua kubwa ya radi inapiga nje na ndani ya basilika kumekuwa giza mpaka Papa akasogezewa mshumaa asome. Tamko lilipokwisha kusomwa wale wawili nao wakakubali siku hiyohiyo. Waliokuwa wameondoka nao mmoja baada ya mwingine wakalitangaza majimboni kwao.

Na presha ilikuwepo, nakubali. Kardinali Guidi aliposimama kusema kwamba Papa anapofundisha lazima ausikilize ushuhuda wa maaskofu na mapokeo, Pio IX alimwita jioni hiyo akamkaripia vikali. Haikuwa haki. Ila angalia tamko lenyewe lilivyoandikwa: hasira za Papa hazikuingia humo, wala matamanio ya wale waliomzunguka. Kulikuwa na mwandishi mmoja Mwingereza, W. G. Ward, aliyesema angependa apate tamko jipya la Papa kila asubuhi pamoja na gazeti na chai. Watu wa aina yake walitaka kila neno la Papa liwe halikosei. Mtaguso uliwakatalia. Uliweka masharti: awe anafundisha kama mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, iwe ni jambo la imani au maadili, na awe anaamua rasmi kwamba Kanisa lote lilishike. Na tamko linasema waziwazi kwamba makhalifa wa Petro hawakuahidiwa Roho Mtakatifu ili watoe fundisho jipya, ila walilinde na kulieleza lile lililotoka kwa Mitume. Papa ni kama mtunza ghala, anafungua, anahesabu, anamzuia mwizi, lakini hawezi kuingiza mazao ambayo mwenye shamba hakuyavuna. Tangu 1870 mpaka leo ni mara moja tu Papa ametangaza fundisho kwa namna hiyo ya dhati, Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, tarehe 1 Novemba 1950. Kama hii ingekuwa ni silaha ya kutawalia watu, huyo mtawala angeitumia mara moja tu katika zaidi ya karne nzima?

Haimaanishi Papa hatendi dhambi. Haimaanishi kila anachosema akihojiwa na waandishi wa habari ni dogma, yaani fundisho la imani ambalo lazima lishikwe, wala kwamba hawezi kukosea kwenye siasa, kwenye kuteua watu, kwenye pesa. Wakikuletea habari ya Papa Honorio aliyelaumiwa na mtaguso mwaka 681, wajibu kwamba maaskofu wa 1870 waliijadili kesi hiyo kwa kirefu na barua zake zikiwa mezani, na kwamba barua ya kutaka watu wanyamaze wasibishane kuhusu utashi wa Kristo siyo tamko la kulifunga Kanisa lote. Alikosea kwa kutokusimama imara, ndiyo.

Na huu uzushi kwamba Papa amekuwa mtawala asiye na mipaka na maaskofu wamekuwa makarani wake tu, haukutoka kwa walokole wa Tanzania. Aliusema Bismarck, mkuu wa serikali ya Ujerumani, kwenye waraka wake wa siri kwa mabalozi uliokuja kutolewa hadharani Desemba 1874. Maaskofu wa Ujerumani wakamjibu mwanzoni mwa 1875 kwamba Papa amefungwa na sheria ya Mungu na mafundisho ya Kristo, kwamba uaskofu umewekwa na Kristo huyohuyo aliyeuweka Upapa na hivyo Papa hawezi kuufuta, na Pio IX akawaandikia Machi 1875 kwamba wamesema sawasawa. Ina maana mtu yuleyule anayeshutumiwa kwamba alijifanya hana mipaka aliweka sahihi kwenye maelezo ya mipaka yake. Hilo mchungaji hakulisema na sidhani kama analijua.

Kuhusu hotuba ya Strossmayer, hiyo futa kwenye simu yako na mwambie mumeo nayeye afute. Ni ya kughushi. Strossmayer alikuwa askofu wa kweli, wa Đakovo kule Kroatia, na kweli alikuwa mpinzani mkubwa mtagusoni, mwezi Machi 1870 alisimama kuwatetea Waprotestanti wasilaumiwe kwa maovu yote ya dunia mpaka wenzake wakampigia kelele ashuke. Lakini hotuba inayozunguka, ile inayosema Petro hajawahi kuwa Papa, hakuitoa, ilitungwa na mtu mwingine na yeye mwenyewe akaikana hadharani akiwa hai. Alilipokea fundisho la Mtaguso akafa mwaka 1905, askofu Mkatoliki. Zaidi ya miaka 100 watu wanachapisha na kuchapisha upya uongo ambao mwenyewe alishaukana. Mtu aliyeitwa kutangaza Injili akisambaza kitu cha namna hii bila kuchunguza, amri ya nane, ile ya kutosema uongo, inamhusu na yeye.

Kuna jambo moja ambalo nataka ulijue kutoka kwangu kabla hujaletewa na wao, kwa sababu linagusa nyumba yako. Juni 1858 polisi wa Papa waliingia kwenye nyumba ya familia ya Kiyahudi huko Bologna wakamchukua mtoto wa miaka sita, Edgardo Mortara. Mfanyakazi wa ndani alikuwa amembatiza kwa siri alipougua akiwa mdogo, na sheria za nchi ya Papa zilisema mtoto aliyebatizwa hawezi kulelewa na wasio Wakristo. Wazazi walilia, serikali za Ulaya zikaingilia, Pio IX akakataa kumrudisha. Mimi siwezi kulitetea jambo hilo na sitalitetea. Hayo ndiyo yanayotokea mchungaji wa roho anapokuwa na polisi. Na ndiyo maana simlilii Papa kwa kupoteza zile nchi, Kardinali Montini aliyekuja kuwa Papa Paulo VI alisema Roma kwenyewe mwaka 1962 kwamba kuanguka kwa utawala ule kulikuwa kwenye maongozi ya Mungu. Pio IX hakuliona hivyo, alijiita mfungwa wa Vatikano, akaikataa sheria ya 1871 ya serikali ya Italia pamoja na pesa iliyomtengea kila mwaka, zaidi ya lire milioni tatu, akaishi kwa sadaka za waamini mpaka alipofariki 1878.

Baada yake akaja Leo XIII, Papa wa kwanza baada ya karne nyingi kuchaguliwa akiwa hana nchi ya kutawala, na tazama alichofanya. Siku chache tu baada ya kuchaguliwa, Februari 1878, Roma iliukabidhi umisionari wa Afrika ya Kati kwa wamisionari wa Lavigerie, askofu mkuu Mfaransa wa Algiers, na mwaka huohuo msafara wao wa kwanza ukapitia Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwepo tangu 1868 wakiwanunua watumwa na kuwaacha huru. Mwaka 1888 akaandika kulaani utumwa na akamtuma Lavigerie azunguke miji mikubwa ya Ulaya kusema yaliyokuwa yanatendeka kwenye njia za misafara yetu hapa, mwaka 1890 akaagiza sadaka ya kila mwaka siku ya Epifania kwa ajili ya kukomesha utumwa Afrika. Mwaka 1891 akatoa barua iitwayo Rerum Novarum, kuhusu mshahara wa haki na haki ya wafanyakazi kuungana. Ujerumani na Hispania walipogombea visiwa vya Caroline mwaka 1885 walimwita yeye awapatanishe, na hakuwa na hata boti moja ya kivita. Karolo Lwanga, shahidi wa Uganda, alipochomwa moto Namugongo mwaka 1886 hakuwa amewahi kumwona askari wa Papa, aliifia imani iliyomfikia kwa mikono ya watu wasio na bunduki. Mchungaji anasema Papa alitafuta njia nyingine ya kutawala. Mimi nasema njia hiyo ndiyo ya kwanza, ile aliyopewa Petro kabla hajawa na nchi wala ngome, "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike; nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako", na mengine yaliongezeka karne nyingi baadaye na yakaondoka.

Sasa wewe na mumeo. Kaka zako wanakupenda lakini ushauri wao ni mbaya na ninausema hivyo hivyo, mbaya. Mumeo hajakupiga, hajaleta mwanamke mwingine, hajakuzuia kwenda misa, kwa uliyoniandikia. Amehama kanisa, na hilo linauma, lakini ndoa yenu ni sakramenti na haijavunjika kwa yeye kuhama. Yeye ni mbatizwa, anampenda Kristo, na inawezekana kabisa alikuwa na njaa ya Neno la Mungu ambayo sisi parokiani hatukuishibisha, na hapo sisi mapadre tuna la kujibu mbele za Mungu. Usimtukane mchungaji wake mbele yake. Usimrushie klipu za kujibu klipu, nyumba ikishakuwa uwanja wa midahalo watoto ndio wanaoumia. Mpe hizi tarehe mara moja, kwa upole, mkiwa wawili na simu zikiwa mbali, halafu nyamaza. Akikuletea hoja nyingine hulazimiki kuijibu usiku huohuo, mwambie nitauliza. Na salini pamoja, Baba Yetu na Zaburi ni zenu wote wawili, anzeni na hizo.

Kuhusu ubatizo: sheria ya Kanisa, kanuni ya 868, inasema mtoto hubatizwa kwa ridhaa ya wazazi au angalau mmoja wao, mradi kuna tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani Katoliki. Kwa hiyo kisheria ridhaa yako inatosha. Lakini nimekueleza habari ya Bologna kwa makusudi. Usimpeleke mtoto kisirisiri siku baba yake akiwa safari, sakramenti ikija na hila ndani ya nyumba itakuwa kidonda kwa miaka, na mumeo ataamini kila alichoambiwa kutuhusu sisi. Mwambie waziwazi kwamba wakati wa ndoa uliahidi kuwalea watoto katika imani hii, yeye pia aliahidi, ahadi hiyo haina sharti la wewe kushinda mjadala wa historia, na wewe unataka kuitimiza yeye akiwepo. Mwombe paroko aje kumtembelea nyumbani, aje kama mgeni, anywe chai, asije na vitabu. Mpe mumeo muda, lakini siyo muda usio na mwisho, ongeeni na paroko mpange ni lini. Na ikitokea mtoto akaugua ghafla ukaona hali ni ya hatari, usimsubiri mtu yeyote, wewe ni mama yake: chukua maji, mmwagie kichwani ukisema "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu", kisha mwambie mumeo siku hiyohiyo, na upeleke taarifa parokiani waandike kwenye daftari la ubatizo.